Jinsi ya Kuwa Mkulima Bila Kutoka Milimani

Kwanza nikuulize: hapa Nakuru, Milimani unakaa wapi hasa? Kuna Milimani ya malango makubwa karibu na Ikulu, ambako mijakaranda humwaga maua ya zambarau juu ya magari yaliyokwisha kuoshwa. Halafu kuna Milimani yangu, chumba kimoja nyuma ya nyumba ya zamani ya mkoloni, pale alipokuwa akilala mpishi. Anwani ni ileile. Tukipiga simu kijijini sote tunasema, "Mimi ni wa hapa Milimani," na bei ya shamba inapanda kabla hatujamaliza kusalimiana.

Basi taja mapema unakokaa. Watu wa kijijini ni waungwana, hawapendi kukisia uwezo wa mgeni.

Kijiji chagua kisichojulikana. Usiende Njoro, huko Lord Delamere alitangulia zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na tangu hapo hakuna asiyejua thamani ya udongo wake. Wewe panda matatu ya Nyahururu pale mjini, pita Maili Sita, pita Bahati, ushuke Maili Kumi au popote kondakta atakapochoka nawe, kisha ufuate njia ya vumbi mpaka mbwa waanze kukubwekea. Umefika. Kwenye ramani ya simu utaona kanisa moja na uwazi mkubwa wa kijani. Vumbi lisikutishe. Jina la Nakuru tumelirithi kwa Wamaasai, na wazee husema maana yake haiko mbali na vumbi. Tarehe 1 Desemba 2021 tulipotangazwa kuwa jiji, vumbi nalo lilipandishwa cheo.

Mavazi ni muhimu kuliko pesa. Nunua gambuti mpya, zile ambazo bado zinanukia duka, uzivae ukiwa bado ndani ya matatu. Broka atakuwa ameketi stejini. Hatakutazama usoni, atatazama miguu. Gambuti mpya humwambia kila anachotaka kujua: huyu hajawahi kukamua ng'ombe, ana mkopo wa sako uliotoka juzi, na amemwahidi mkewe mboga za kienyeji. Ataanza kukuita mheshimiwa. Mkubalie.

Broka ana lugha yake, na nitakutafsiria kidogo. "Stima iko" maana yake waya unapita juu ya shamba ukielekea kwa mtu mwingine. "Lami inakuja" ni kweli. Imekuwa ikija tangu nikiwa shule ya msingi. "Maji si shida" maana yake shida ni mtungi, punda na mwenye punda. Kabatini, hapo jirani, kuna baadhi ya visima vinavyolisha bomba za mji wa Nakuru, kwa hiyo unaweza kujivunia kwamba ulikuwa ukioga maji ya kijiji chako muda mrefu kabla hujakinunua. Ukiamua kuchimba kisima chako mwenyewe, kumbuka kwamba maji ya ardhini ya Bonde la Ufa mara nyingi yana floraidi nyingi. Watoto watakua na meno ya kahawia. Kuna vichujio vya makaa ya mifupa vinavyopunguza floraidi, lakini broka hatavitaja, kwa sababu na yeye anatabasamu mdomo ukiwa umefungwa.

Sasa ukubwa. Utauziwa ploti ya hamsini kwa mia, na utaambiwa hiyo ni sehemu ya nane ya eka. Ukipenda chukua kalamu: futi 50 mara 100 ni futi za mraba 5,000. Eka moja ina 43,560, na sehemu yake ya nane ni 5,445. Zimepotea futi 445, ambazo zingekutosha choo, kibanda cha kuku na nafasi ya kugeuzia gari usilokuwa nalo. Usiulize zimekwenda wapi. Atakayeuliza swali kama hilo mbele ya watu ataonekana mchoyo, na kijijini uchoyo ni kosa kubwa kuliko wizi wa futi 445.

Tukifika kwenye karatasi, mwongozo huu unakuwa mzito kidogo, kwa hiyo agiza chai.

Historia ya hati katika eneo hili inatia moyo sana. Mwaka 1904 Wamaasai walitiwa katika mkataba wa kuwaondoa hapa katikati ya Bonde la Ufa ili reli na walowezi wapate nafasi. Wengi wakapelekwa Laikipia, ambayo waliahidiwa ingekuwa yao maadamu kabila lao lipo duniani. Kabila bado lipo. Laikipia waliondolewa kwa mkataba mwingine wa 1911. Mlowezi naye, chini ya sheria ya ardhi ya 1915, aliweza kupewa mkataba wa kupanga wa miaka 999. Akapanda miti ya kivuli kwa ajili ya vilembwe wake. Uhuru ukaja 1963, na mwenye kujua hesabu atakwambia hiyo ni miaka 48. Wewe unanunua hatimiliki ya kudumu. Hongera.

Baada ya hapo zikaja kampuni za kununua mashamba, kama Ngwataniro-Mutukanio ya miaka ya sabini, ambazo zilikusanya shilingi za watu wadogo na kununua mashamba makubwa ya walowezi. Miongoni mwa wanahisa walikuwamo watu waliozaliwa kwenye mashamba kama hayo, watoto wa maskwota waliokuwa wakilima kwa mzungu ili waruhusiwe kufuga mbuzi wawili. Mwanahisa alipata cheti cha hisa, akasubiri, akapiga kura, akaokota kikaratasi chenye nambari, na nambari hiyo ndiyo ikawa shamba. Hati zilifuata baadaye, kwingine baadaye sana. Kwa hiyo usishangae ukiletewa mzee mwenye kopo la zamani la mafuta ya kupikia, na ndani ya kopo, ndani ya nailoni, ndani ya kitambaa, kuna kadi iliyofifia. Mimi nilimuuliza mmoja, "Guka, hatimiliki yenyewe iko wapi?" Akanitazama kama niliyemuuliza cheti cha kuzaliwa cha mlima Menengai. "Kijana," akasema, "mimi nilichimba visiki hapa." Alikuwa amejibu, ila mimi sikuwa nimeelewa.

Kwenye ofisi ya ardhi utafanya sachi, na utagundua kwamba shamba lenye mwembe, kaburi na kisima linaitwa Bahati/Kabatini Block 1, mkwaju, nambari. Hakuna mwanakijiji anayelijua jina hilo. Wao husema kwa nyina wa fulani, pale palipoporomoka. Pia utagundua kwamba mmiliki aliyeandikwa ni marehemu. Ni babu ya huyo anayekuuzia, alifariki zamani, na kesi ya mirathi itafunguliwa, unaambiwa, "hii wiki ijayo." Lipa arbuni.

Kuna pia Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Sheria ya 1967 inasema kuuza shamba la kilimo bila kibali cha bodi ni kazi bure, mauzo ni batili, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mpatane. Mjuaji wa Milimani hana muda wa mambo hayo. Yeye hulipa taslimu chini ya mti, akashikana mikono na muuzaji, wakapiga picha. Picha hutoka vizuri. Ni ushahidi kamili kwamba siku hiyo kulikuwa na jua.

Ukiwa mwoga kama mimi, utakwenda kwenye bodi. Panga siku nzima. Muuzaji atakuja na mke na watoto waliokomaa, kwa sababu wanabodi hutaka kuwasikia wakikubali kwa midomo yao. Siku yangu ilikwenda vizuri mpaka bodaboda ilipomshusha mama mwingine, amebeba mtoto mgongoni, akaketi mstari wa mbele. Mwenyekiti akamuuliza, "Mama, wewe ni nani kwa hii shamba?" Akasema yeye ndiye anayelilima. Mwenyekiti akauliza kama anajua linauzwa. "Nimejua leo asubuhi," akajibu, "nimeambiwa na muuza maziwa." Muuzaji wangu akaanza kukagua dari. Faili ikasukumwa hadi kikao cha mwezi uliofuata, na katika mwezi huo bei iliongezeka kwa kiasi ambacho nilielezwa kuwa ni cha "kumtuliza mama". Sikubisha. Nilikuwa nimeona mikono yake, na kama kuna mtu aliyestahili chochote katika biashara ile, ni yeye.

Bikoni nitazipitia haraka. Ziko nne kwenye ramani na mbili ardhini, na moja kati ya hizo mbili inatembea. Jirani atakapolima, trekta yake itageukia ndani ya kwako, mfereji mmoja kila msimu, kwa upole, kama mtu anayejivutia blanketi usingizini. Mpima ardhi utamlipa aje akuonyeshe jambo ambalo mama wa kibanda cha mboga angekuambia bure, kwamba mpaka ni ule ua wa kayaba, na ua wa kayaba ulipandwa na mkwe wake mwaka wa njaa.

Haya, shamba ni lako. Sasa kulima, na hapa ndipo mtu wa Milimani hung'ara, kwa kuwa haendi.

Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, jembe la mtu wa mjini ni simu. Sisi ndio wakulima wa simu. Unaajiri kijana, unamwachia gambuti zako (sasa umezielewa), unarudi mjini, na kila Jumamosi jioni anakupigia. Ujifunze kusikiliza. "Bosi, uko?" ni shilingi mia tano. "Bosi, habari ya siku nyingi?" ni elfu moja na zaidi. Akianza na "Bosi, usishtuke," keti chini.

Mwaka wangu wa kwanza, baada ya kuongeza ploti ya pili hadi nikakaribia robo eka, niliamua kupanda mahindi. Eka moja hutaka mbegu kilo 10, kwa hiyo robo eka ni kilo mbili na nusu. Kijana akaniambia kilo kumi. Nikauliza kwa nini. Akasema njiwa wa huku si kama njiwa wa Milimani. Mbolea ya kupandia, ambayo gunia la kilo 50 hutosha eka nzima, tulihitaji magunia mawili, kwa sababu udongo wetu, akanieleza, una majivu ya volkeno na "unakunywa". Nilituma. Mwezi wa tano nikapita nikielekea mazishi Subukia, nikaona mahindi yenye rangi ya chupa, marefu, yaliyonyooka kama askari wa gwaride. Nikasimamisha matatu nipige picha. Yalikuwa ya mama yake kijana. Yangu yalikuwa ng'ambo ya njia, ya manjano, yamesimama mbali mbali kama watu waliogombana.

Baadaye wakaja viwavijeshi vamizi, ambao wameizoea Kenya tangu 2017 na hawaombi kibali cha bodi yoyote. Nikatuma pesa ya dawa. Kijana akasema wadudu wamekataa kufa. Mwezi wa kumi na moja tulivuna magunia mawili na gorogoro tatu, na gharama nikaziandika kwenye daftari ambalo mke wangu haruhusiwi kulifungua. Kwa pesa zile ningenunua unga dukani hadi mtoto wetu wa mwisho aoe. Lakini ule haungekuwa unga wa shambani kwetu.

Ukichoka na mahindi, hamia viazi. Kanuni za 2019 zinasema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Mnunuzi atakuja na gunia lililoshonewa kilemba, kilemba kikijaa kinakuwa kirefu kuliko gunia lenyewe, na atakuuliza kwa mshangao kama wewe ndiye utakayeanza kumfundisha kazi.

Kuna jambo moja ambalo sitalifanyia mzaha sana. Siku za mwanzo wazee watakuuliza asili yako ni wapi, watarudia swali hilo kwa njia tatu tofauti, nawe utadhani ni umbea. Katika kaunti hii watu walichomewa nyumba Molo na Kuresoi, mwaka 1992 na tena kabla na baada ya Mwaka Mpya wa 2008, na wengi wao walikuwa na hati zao ndani ya nyumba zilezile. Jibu swali. Kaa unywe uji. Mazishi yakitokea, nenda mwenyewe, usitume tu mchango. Watu wanahesabu nani alishika koleo.

Mimi nimeshika koleo mara nne. Bado naitwa "yule wa Milimani", na ploti yangu bado inaitwa kwa yule mama wa bodi, ambaye sasa hunilimia upande wa chini kwa makubaliano ya nusu kwa nusu, na ambaye mahindi yake hayajawahi kushambuliwa na njiwa wa aina yoyote.

Jumamosi iliyopita simu ililia.

"Bosi, usishtuke."

Nikaketi.

"Kuna mteja hapa stejini. Anatafuta kaploti kadogo. Anasema yeye ni wa hapo Milimani."

Nikamuuliza amevaa nini miguuni.

"Gambuti," akasema kijana. "Mpya kabisa, bosi. Zinang'aa."

"Mwite mheshimiwa," nikamwambia. "Na umwambie lami inakuja."