Tanguliza Mguu wa Kushoto

Katikati ya miaka ya 1990, daktari mmoja wa upasuaji wa mifupa katika mji wa Umeå, kaskazini mwa Uswidi, aliamua kuikata kano yake mwenyewe. Håkan Alfredson alikuwa mkimbiaji, na kano ya kisigino chake ilimsumbua kwa muda mrefu bila nafuu. Alimwomba mkuu wake wa kazi amfanyie upasuaji. Mkuu akakataa: idara isingemudu kumkosa daktari kwa wiki zote za kuuguza kidonda. Alfredson akapiga hesabu ambayo kila mfanyakazi aliyewahi kunyimwa ruhusa ataielewa mara moja. Kano ikikatika kabisa, watalazimika kuishona. Basi na ikatike.

Akasimama ukingoni mwa ngazi kwa vidole vya mguu unaouma, akashusha kisigino polepole hadi chini ya usawa wa kidato. Iliuma vibaya sana, jambo lililompa moyo. Kesho yake akarudia. Akaongeza uzito. Akaendelea hivyo kwa wiki kadhaa, na kano ikagoma kukatika. Kilichokatika ni maumivu.

Mwaka 1998 yeye na wenzake wakachapisha matokeo ya wakimbiaji 15 waliopewa zoezi hilo hilo: mara 180 kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni, siku saba za wiki, kwa wiki 12. Ambaye haumii tena abebe begi lenye uzito mgongoni mpaka aumie kidogo. Wote 15 walirudi kukimbia kama zamani, na zoezi la daktari aliyetaka kujivunja likaenea katika vyumba vya fiziotherapia duniani kote.

Mara 180 kwa siku 84 ni mara 15,120. Hapo ndipo wagonjwa wengi hushukuru na kuaga. Mtu mwenye goti bovu yuko tayari kudungwa sindano, kuchanjwa, kufukizwa, kukandwa mpaka machozi yamtoke, na kulipia yote hayo bila kuomba punguzo. Kitu kidogo kisicho na mbwembwe, cha kufanywa nyumbani bila shahidi, mara elfu kumi na tano, hicho hakiwezi.

Chukua mfano wa mhasibu mmoja wa Dar es Salaam, baba wa watoto watatu, umri arobaini na ushee, kitambi cha heshima. Yeye hakuumizwa na mbio. Aliumizwa na daladala ambayo haikusimama sawasawa.

Kila abiria wa jiji hilo anaijua amri ya konda: “Tanguliza kushoto! Kushoto, mzee!” Ni amri yenye elimu ndani yake. Mlango uko ubavu wa kushoto, gari bado linajongea, na anayetanguliza mguu wa kushoto hutua akitazama linakoelekea gari, akapiga hatua mbili tatu za kukimbia, mwendo ukamwishia miguuni. Anayetanguliza wa kulia hugeukia nyuma ya gari huku mwili wake ukiendelea na safari ya mbele. Mhasibu alikuwa anasoma ujumbe wa simu. Akatanguliza wa kulia.

Unyayo ulikunjika kwa ndani, uzito wote ukaangukia upande wa nje wa kifundo. Huko nje kuna kano fupi zinazoufunga mfupa wa mguu na ule wa unyayo, na ndizo zinazoumia katika sehemu kubwa ya miteguko ya kifundo. Zilivutika kupita kiasi, moja ikachanika kidogo. Watu walikuja mbio kumsaidia. Muuza machungwa akaushika mguu akauvuta “urudi mahali pake”, ingawa haukuwa umetoka mahali popote. Konda alichungulia kutoka mlangoni akasema kwa huzuni ya mwalimu, “Si nilisema kushoto?” Gari likaondoka.

Ofisini habari ilisimuliwa kwa marekebisho. Mtu mzima hawezi kusema ametupwa chini na Isuzu kwa sababu ya simu. Ilipofika saa nne asubuhi, mguu ulikuwa umeumia kwenye mpira wa miguu. Baada ya chai, alikuwa ameumia akifunga goli.

Nyumbani kikao kilikaa. Mke alitaka barafu. Mama mkwe alitaka maji ya moto na chumvi ya mawe. Jirani alimfahamu mzee wa mtaa wa pili ambaye huchua kwa mafuta ya nyonyo, na aliyewahi kumwinua mtu aliyekuja amebebwa kwenye mkokoteni. Ushauri wote ulifuatwa, kwa zamu, ndani ya usiku mmoja. Barafu pekee iliyokuwemo kwenye friza ni ile ya ubuyu, ya biashara, iliyofungwa kwenye vifuko vya nailoni. Pakiti mbili zilipasuka juu ya mguu, na asubuhi kifundo kilikuwa chekundu kwa namna iliyowatisha waliokuja kumpa pole.

Kuhusu barafu, hata wataalamu wenyewe wamebadili kauli. Daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, ndiye aliyeeneza kanuni ya mwaka 1978 ambayo makocha wa dunia nzima waliikariri: pumzisha, weka barafu, funga bandeji, inua mguu. Mwaka 2014 huyo huyo akaandika kwamba barafu na mapumziko ya moja kwa moja huenda yanachelewesha kupona. Barafu hupunguza maumivu kwa muda, hilo halina ubishi. Ila uvimbe inaoukimbiza ni sehemu ya kazi ya mwili kujitengeneza, na mguu uliolazwa kitandani wiki nzima husahau kazi yake.

Mchuaji naye alikuja. Lazima tumtendee haki: anajua jambo ambalo zahanati nyingi zimelisahau, kwamba mgonjwa anataka kuguswa na kusikilizwa. Alisikiliza. Kisha akakamua. Tatizo ni kwamba siku za mwanzo mishipa midogo ya damu iliyopasuka bado inavuja, na kuikamua kwa nguvu huongeza uvimbe. Mhasibu alipiga kelele zilizosikika mpaka kwa mjumbe wa nyumba kumi. Familia ikaridhika kwamba dawa inafanya kazi.

Siku ya tatu alifikishwa hospitali, kifundo kikiwa kimejaa kama andazi. Alitaka eksirei. Kwa mgonjwa wa Dar, kwenda hospitali bila kupigwa picha ni sawa na kutokwenda. Badala yake mganga wa zamu alimbonyeza ukingo wa nyuma wa mifupa miwili ya kifundo, akabonyeza katikati ya unyayo kwa ndani na kwa nje, halafu akamwambia atembee hatua nne. Alichechemea, akazimaliza. “Hakuna haja ya picha,” akaambiwa. Kipimo hicho kilibuniwa Ottawa, Kanada, na Ian Stiell na wenzake, kikachapishwa mwaka 1992, baada ya kuonekana kwamba vifundo vingi vilivyokuwa vikipigwa picha havikuwa na mfupa uliovunjika. Huwakosa waliovunjika kwa nadra sana. Mhasibu hakupewa maelezo hayo. Alimpigia simu mkewe akamwambia, “Hata picha hawajanipiga!”, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

Akaandikiwa fiziotherapia.

Alipoingia chumbani alimkuta binti wa umri wa mpwa wake.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Dokta yuko wapi?”

“Ni mimi, baba. Vua soksi, panda kitandani.”

Alitegemea kukandwa. Chumba kilikuwa na kioo kirefu, baiskeli isiyo na magurudumu, vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli vilivyokatwa kwa urefu tofauti, na ngazi ya mbao yenye vidato vinne vya kupanda na vinne vya kushuka, isiyokwenda popote. Binti, aliyesomea kazi yake Moshi, akamwuliza, kati ya sifuri na kumi, maumivu ni kiasi gani. Mhasibu akasema saba nukta tano, akiacha nafasi ya kupatana.

Si yeye wa kwanza kuuelewa vibaya ufundi huu. Mwaka 1894, wauguzi wanne wa London walianzisha chama cha wachuaji waliofunzwa, wakati magazeti ya Uingereza yalikuwa yamejaa kashfa za nyumba zilizotangaza kuchua huku zikiuza mambo mengine. Ili wasichanganywe na hao, walijiwekea mitihani na masharti makali, likiwemo la kutomchua mwanamume ila kwa agizo maalumu la daktari. Kutoka kwenye chama hicho ndiko kilikotoka chama cha wataalamu wa fiziotherapia cha Uingereza cha leo. Zaidi ya miaka 130 imepita, na bado wapo wateja wanaokuja wakitafuta mafuta, wakaondoka na karatasi.

Karatasi ya mhasibu ilikuwa na michoro ya mtu asiye na uso. Aandike herufi zote hewani kwa kidole gumba cha mguu. Ausukume unyayo dhidi ya mpira. Anyanyuke kwa vidole. Asimame kwa mguu mmoja, kwanza macho wazi, baadaye macho yamefumbwa. Zoezi hilo la mwisho lilimchekesha, mpaka alipoelezwa kwamba ndani ya kano mna neva zinazoupasha ubongo habari za mkao wa mguu. Kano ikichanika, habari hufika kwa kuchelewa. Ubongo hugundua unyayo umekunjika baada ya mwenye unyayo kulala chini. Ndiyo maana aliyeteguka mara moja huteguka tena mahali pale pale, na ndiyo maana watu wazima husimama kwa mguu mmoja mbele ya kioo, macho wamefumba, bila kuwa na kichaa. “Unaweza kufanya wakati wa kupiga mswaki,” binti alimshauri. Alijaribu usiku huo. Watoto walihesabu kwa sauti. Walipofika kumi na moja, baba akaingia mguu mzima kwenye ndoo.

Baada ya hapo mazoezi yakawa ya “nitaanza Jumatatu”.

Wiki iliyofuata akaambiwa alete fomu aliyokuwa amepewa, ya kuweka alama kila siku baada ya mazoezi. Alikuwa ameijaza yote dakika chache kabla, akiwa kwenye benchi la kusubiri.

“Mazoezi tulifanya, baba?”

“Tulifanya sana.”

Binti aliiangalia fomu. Siku saba, wino mmoja, mwandiko mmoja, alama zote zimeinama upande mmoja. Mhasibu naye akaiangalia, kwa jicho la kazi, akaona kile anachokiona kila mwisho wa mwezi kwenye risiti za mafuta za madereva. Angekuwa yeye, angeikataa. Binti hakuikataa. Alitoa utepe akapima unene wa mashavu ya miguu yote miwili, akaandika namba, kisha akamwomba asimame kwa mguu wa kulia. Utepe na mguu vilitoa ushahidi unaotofautiana na fomu.

“Basi baba, leo tutayafanya ya wiki nzima hapa hapa,” akasema kwa adabu zote, na baba akapanda ngazi isiyokwenda popote mpaka shati likamlowa.

Kuanzia siku hiyo alifanya. Heshima alishaipoteza, kilichomsukuma ni ile tabia ya mhasibu ya kutaka namba zipande. Sekunde 5 zikawa 20, halafu 40, halafu macho yamefumbwa. Mama mkwe aliona nafuu, akaipongeza chumvi ya mawe.

Sasa, uongo wa ofisini ulikuwa haujafa. Watu waliokuwa wamesikia habari za lile goli walimwandikisha kwenye timu ya maveterani, kwa bonanza la Jumamosi dhidi ya idara ya ugavi. Alipomweleza binti, hakukatazwa. Alipewa karatasi nyingine.

Hii ilikuwa programu ya FIFA ya kupasha misuli, iliyobuniwa mwaka 2006: kukimbia taratibu, kujijenga kiuno na mapaja, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua kwa magoti yaliyokunjwa. Dakika 20, bila kifaa maalumu cha kununua. Ilipojaribiwa Norway kwa wasichana karibu 1,900 wa umri wa miaka 13 hadi 17, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2008, hatari ya kuumia ilipungua kwa takriban theluthi moja kwa walioifuata. Maveterani wa Dar wana utaratibu wao: kusalimiana, kuvuta soksi, na mashuti mawili kwa kipa ambaye bado anafunga kamba za viatu.

Asubuhi ya bonanza wazee walifika wamejipanga. Beki mmoja alibandika magotini zile tepe za rangi za Kenzo Kase wa Japani, zilizobuniwa mwaka 1979 na kupata umaarufu baada ya kuonekana kwenye miili ya wanamichezo wa Olimpiki ya Beijing mwaka 2008. Ushahidi kwamba zinaponya ni haba, lakini zake zilikuwa za kijani, rangi ya timu, na picha zilipendeza.

Mhasibu akasimama mbele yao na karatasi yake, akatangaza dakika 20.

“Ishirini?” akauliza nahodha. “Hicho ni kipindi kizima cha kwanza.”

Wakabishana, wakakubali kwa shingo upande. Wakakimbia taratibu hadi kwenye koni na kurudi. Wakalala kifudifudi kwenye viwiko, matumbo yakifika chini kabla ya amri. Mhasibu alipita katikati yao akisema “Polepole! Magoti yasiingie ndani!” kwa ukali alioazima kwa binti wa hospitali. Walipofika kwenye kusimama kwa mguu mmoja, wakashikana mabega, na mmoja alipoanguka wakafuatana wanne.

Dakika ya nane, beki mwenye tepe za kijani aliketi kwenye nyasi, akainua mkono, akaomba abadilishwe. Mpira ulikuwa bado uko kwenye buti la gari.