Hotuba ya Mtaalamu Kuhusu Mwanamke wa Kwenye Skrini, Iliyotolewa Igowole, Mufindi

Mheshimiwa mwenyekiti wa kijiji, mheshimiwa mtendaji wa kata, viongozi wa dini, wazee maarufu, na vijana wa bodaboda mliokataa viti mkakaa juu ya pikipiki zenu: itifaki imezingatiwa. Na ninyi akina mama wa Igowole mliotoka shambani mkaja moja kwa moja na vikapu mgongoni, kamwene! Vikapu wekeni nje. Vinawazuia ninyi msinione.

Nitajitambulisha mwenyewe, kwa sababu ndugu aliyepangwa kunitambulisha amesema hanifahamu. Mimi ni mtaalamu bobezi wa Taswira ya Mwanamke katika Muziki na Filamu. Taaluma hii haifundishwi chuoni. Niliipata benchi la mbele la kibanda umiza, enzi za mikanda na jenereta, pale ambapo wengine walilipa kiingilio ili waone ngumi na mimi nikalipa ili nifanye utafiti. Mama mmoja wa Uingereza, Laura Mulvey, aliandika mwaka 1975 kwamba sinema imejengwa kwa macho ya mwanaume: mwanaume anatazama, mwanamke anatazamwa, na kamera iko upande wa anayetazama. Wasomi wanamheshimu sana kwa hilo. Mimi niligundua jambo hilohilo bila kusoma ukurasa hata mmoja, kwa kutazama tu bila kupepesa. Tofauti yetu ni kwamba yeye lilimkera.

Mama, shusha mkono. Maswali mwishoni.

Nianze na sauti. Wazee wenzangu mnamkumbuka Lufufu, bingwa wa kutafsiri filamu kwa Kiswahili, na vijana wengi waliomfuata kwa kuiga. Kibandani kwetu mtafsiri alikuwa mwanaume mmoja, na alizungumza kwa niaba ya kila mtu: jambazi, polisi, farasi na bibi harusi. Nakumbuka filamu moja ya Kihindi, dada amesimama kwenye ngazi za mahakama, anaongea kwa hasira, machozi yanamtoka, anamnyooshea kidole hakimu, anapasua karatasi. Amesema weee! Mtafsiri akasubiri amalize, akakohoa, akasema, "Anasema anampenda." Ukumbi mzima tukaridhika. Huo ndio ufupisho, ndugu zangu, na ndipo nilipojua kwamba mwanamke kwenye filamu ana maneno mengi kuliko yanayohitajika.

Wamarekani wana kitu wanakiita kipimo cha Bechdel, kimetokana na katuni ya mwaka 1985 ya dada aitwaye Alison Bechdel. Filamu iwe na wanawake wawili angalau, wazungumze wao kwa wao, na mazungumzo yao yasihusu mwanaume. Basi! Nimekipeleka kipimo hicho kwenye filamu zetu nyingi za Dar es Salaam, kikarudi kimechoka. Kisha, kwa moyo wa sayansi, nikakipeleka kwenye mizani ya chai, pale mnapopanga foleni jioni kupimiwa majani. Nikasikiliza kwa saa nzima nyuma ya lori. Mlizungumzia mbolea, ada ya kidato cha tatu, mizani inayosoma pungufu, goti la mama mmoja, na bei ya viazi. Mwanaume hakutajwa hata mara moja. Nilirudi nyumbani nimeumia. Hapo hakuna filamu.

Sasa tuje kwenye muziki, na hapa naomba umakini, kwa maana ndiyo sehemu niliyoitafiti usiku na mchana, hasa usiku. Mwaka 2001 alitokea dada kutoka Kagera, Saida Karoli, akaimba "Maria Salome" kwa Kihaya. Nchi nzima ikaimba naye bila kujua anasema nini, kuanzia Bukoba hadi huku kwetu kwenye baridi. Alishika wimbo kwa koo lake mwenyewe, ngoma ikamfuata yeye, na kwenye video ndiye aliyekuwa anaongoza. Mwaka 2016 Diamond Platnumz akaurudia akiwa na Rayvanny, ukaitwa "Salome". Wimbo uleule uliozaliwa kinywani mwa mwanamke sasa ukawa na wanaume wawili wanaoimba, na mrembo mmoja, Hamisa Mobetto, ambaye hakupewa mstari hata mmoja. Nimeitazama video hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya viongozi wa dini. Akina mama wengine wanaona hapo kuna jambo la kusikitisha, kwamba ndani ya miaka 15 mwanamke ametolewa kwenye maikrofoni akapelekwa kwenye fremu. Mimi nasema ni kupandishwa cheo. Kuimba kunachosha koo.

Na fremu hiyo imefika hadi kwetu! Ninyi mashahidi. Kijana wetu mmoja, jina nalihifadhi kwa sababu bado anadaiwa mafuta ya gari, alikuja kurekodi video kwenye mashamba ya chai. Nilikuwepo kama mshauri wa kitaaluma, hakuna aliyeniita. Ilikuwa Julai, asubuhi, ukungu umelala juu ya chai hadi miti ya paini huioni. Mrembo alitoka mjini akiwa na gauni jekundu lisilo na mgongo wala mikono. Mpiga picha anasema, "Cheka, ni jua hili." Dada anacheka, meno yanagongana. Kila wakisema "kata" anakimbilia nyuma ya gari kujifunika blanketi la dereva, ananyweshwa chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa, midomo imekuwa ya bluu, fundi wa vipodozi anaipaka nyekundu juu yake. Mikono ilikuwa imesimama vinyweleo kama kuku aliyenyonyolewa. Mwimbaji mwenyewe alikuwa na koti la manyoya, na hakulivua. Nikauliza kwa nini. Nikaambiwa ni staili.

Lakini jambo lililonifurahisha kitaaluma ni hili. Kwa nyuma, kwenye mistari ya chai, walikuwepo akina mama thelathini hivi wakichuma, wengine mpo humu ndani. Aproni za plastiki, mabuti ya mvua, kofia za sufu, kikapu kimejaa, vidole vinakwenda bila macho kuangalia. Mpiga picha akasimamisha kazi. Akasema wale wamama wanaharibu picha. Msimamizi akaombwa awasogeze, mkasogezwa hadi bondeni, kilo zenu zikapungua siku hiyo, na shamba likabaki tupu, zuri, lenye mwanamke mmoja asiyejua chai inachumwaje. Ndugu zangu, hiyo ndiyo sanaa! Ukimwacha mchumaji kwenye picha, mtazamaji anaweza kuanza kuuliza analipwa shilingi ngapi kwa kilo.

Msinielewe vibaya. Mchumaji ana nafasi yake: kwenye boksi la majani ya chai. Pale ni kijana, hana sweta, ana hereni, anatabasamu, na kikapu chake hakina uzito. Nani kati yenu amewahi kupigwa picha ya boksi? Mnaona sasa. Mngetabasamu zaidi.

Mama wa kofia ya kijani, nimekuona. Mwishoni, nimesema.

Kwa upande wa filamu za Kiswahili sitakaa sana, kwa sababu zenyewe hukaa vya kutosha. Geti linafunguliwa, gari linaingia, geti linafungwa, juisi inamiminwa hadi glasi ijae, nasi tunaitazama ikijaa. Wanawake wanaoishi ndani ya nyumba hiyo nawafahamu wote: yupo mpenda hela wa mjini, yupo mke wa kijijini anayevumilia hadi sehemu ya pili, yupo mama mkwe asiyelala, na yupo dada wa kazi anayesikiliza mlangoni. Halafu kuna bibi. Bibi wa filamu ana macho mekundu, na kamera ikimkaribia muziki hubadilika, kwa hiyo wote tunajua ni mchawi kabla hajasema kitu. Huku Mufindi macho ya bibi zetu ni mekundu kwa moshi wa kuni na kwa miaka, na mtu akiyaona anampa kiti. Kanda ya Ziwa wapo vikongwe waliokatwa mapanga kwa macho hayohayo. Watengenezaji wa filamu wanasema wao wanaburudisha tu, hawaui mtu, nami kama mtaalamu nakubaliana nao, hasa kwa kuwa nimewahi kuwaomba kazi.

Mtaniuliza: serikali iko wapi? Ipo! Mei 2016 ilifungia video ya wimbo "Chura" wa mwanamuziki Snura, kwa sababu ya namna nyonga zilivyokuwa zikifanya kazi. Januari 2021 Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, likatangaza kumfungia mwanamuziki Gigy Money miezi sita kwa vazi alilopanda nalo jukwaani Dodoma. Na wanaume nao hawakuachwa, Novemba 2018 ilikuwa zamu ya wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond. Nimefuatilia maamuzi haya yote kwa bidii, nikizitazama kwanza zile video zilizofungiwa ili nijue nisitazame nini. Na nimegundua kitu. Linaulizwa vazi, inaulizwa nyonga, yanaulizwa maadili ya taifa. Hakuna aliyewahi kuiuliza kamera kwa nini ilikuwa imepiga magoti. Nyonga imeitwa ofisini. Lenzi inakula chakula cha mchana. Mimi, kama mtu wa benchi la mbele, naishukuru mamlaka kwa kutogusa jambo la benchi.

Wapo wanaopenda kunikatisha kwa kumtaja Siti binti Saad. Haya, tumtaje. Alitoka Fumba kwa watu maskini, akafika Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na santuri zile zikauzwa pwani yote bila video, bila gauni jekundu, bila kupigwa picha akiwa amelala juu ya gari. Watu walimsimanga kwa sura yake. Aliwajibu kwa wimbo. Tena aliimba habari za Kijiti, aliyemuua mwanamke Unguja akatoroka, huku mahakama ikiwaadhibu mashahidi. Angalieni alivyopoteza nafasi! Mwanamke anapanda jukwaani na badala ya kutuonyesha kitu anatueleza kesi. Na wanahabari wanawake waliounda TAMWA mwaka 1987, walipotafuta jina la jarida lao, wakaliita Sauti ya Siti. Hakuna aliyewaza Sura ya Siti. Biashara hawaijui.

Ugonjwa huo umerudi. Mwaka 2021 Seko Shamte alituletea filamu iitwayo "Binti". Wanawake wanne, madeni, mchumba mwenye kipigo, kutafuta mtoto, kulea mtoto. Niliitazama nikimtafuta mwanaume wa kumhurumia, nikamkosa. Kamera haikupiga magoti hata mara moja. Ilikaa usawa wa macho ya wale akina dada, ikawasubiri wamalize sentensi. Nilitoka pale nikiwa na swali zito la kitaaluma: kama kamera itakuwa inasubiri, mimi nitakuwa nafanya kazi gani?

Kwa hiyo mapendekezo yangu kwa kijiji ni mafupi. Kwanza, iundwe kamati ya Taswira ya Mwanamke, mimi mwenyekiti, wajumbe watatokana na waliokaa juu ya pikipiki. Pili, video ijayo ikija kupigwa shambani, akina mama mpewe taarifa mapema ili msogee bondeni kwa utaratibu, bila kusukumana. Tatu, posho ya mtoa mada.

Sasa maswali. Tuna muda wa swali moja tu, liwe fupi, lisihusu mizani. Naona mikono mingi, asanteni sana, mashallah, imenyooka vizuri. Ndiyo, baba, wewe pale nyuma.