Nani Abebe Tuni? Sita Kushuka Hadi Moja

Mpangaji wa muziki hadaiwi kodi, lakini kazi yake ni ile ile ya kugawa vyumba. Tuni imefika mlangoni na mizigo yake, ndani kuna wanamuziki themanini: nani abebe, nani asindikize, nani akae kimya? Mimi naamini huzuni au furaha ya tuni huamuliwa hapo, kabla hata fidla haijaguswa. Nimechagua majibu sita ninayoyapenda, tunahesabu kushuka. Bibi harusi hutoka mwisho, kwa hiyo tulia.

6. Mwanamke mmoja mbele ya sultani

Nikolai Rimsky-Korsakov aliandika "Scheherazade" mwaka 1888, akitoa visa vyake katika Alfu Lela Ulela. Sultani anaingia na tromboni na nyuzi nene, zote kwa sauti moja, kama mtu anayegonga meza. Kisha okestra nzima inaondoka njiani na fidla moja, ndiye Scheherazade mwenyewe, inaanza kusimulia, kinubi kikiipigia pembeni. Basi. Ukitaka watu waogope kwa ajili ya mtu, mwache peke yake. Okestra kubwa ina faida gani? Faida mojawapo ni hii: ikinyamaza, unasikia ni wengi kiasi gani walionyamaza.

5. Mpandishe juu mpaka ashike ngazi

Gustav Mahler, Simfonia ya Kwanza, Budapest, 1889. Wimbo wa watoto wa "Frère Jacques" umevishwa nguo za msiba, na anayeuanza ni besi, jitu la nyuma ambalo kazi yake ya kila siku ni kushika msingi. Huku juu halijazoea. Sauti inabana, inakwaruza, na mkwaruzo huo ndio uliotakiwa. Igor Stravinsky akafanya vivyo hivyo Paris mwaka 1913 kwa fagoti, mwanzoni kabisa mwa "Le Sacre du printemps": sauti iko juu mno hata msikilizaji mgeni hajui ni chombo gani. Fidla ingezipiga noti hizo huku inatabasamu. Ndiyo maana fidla haikupewa.

4. Pembe isiyo pembe

Kuna binamu mkubwa wa obo ambaye Wafaransa walimpa jina la "pembe ya Kiingereza". Si pembe, wala Waingereza hawana hati yake. Antonín Dvořák alimkabidhi tuni ya sehemu ya pili ya simfonia yake ya "Ulimwengu Mpya", iliyopigwa mara ya kwanza Carnegie Hall, New York, mwaka 1893. Sauti yake ina ukungu kidogo, kama mtu anayeongea akiwa amegeukia dirisha. Wengi huapa kwamba ni wimbo wa kale wa kanisani. Maneno yake, "Goin' Home", yaliongezwa mwaka 1922 na mwanafunzi wa Dvořák, William Arms Fisher.

Ninachokipenda zaidi kiko karibu na mwisho. Tuni inarudi kwa watu wachache tu wa nyuzi, nayo inakatika. Kimya. Inaendelea kidogo. Kimya tena. Wale wanaosema kupanga muziki ni kuongeza vyombo, nawaomba wakae hapo na wahesabu pumzi zao.

3. Tui la kwanza lisubiri

Kila mpishi wa pwani anajua: tui jepesi hutangulia, zito huja mwishoni. Maurice Ravel alipika "Boléro" mwaka 1928 kwa utaratibu huo huo. Tuni mbili, ngoma ndogo isiyochoka, robo saa hivi. Filimbi, klarineti, fagoti, saksafoni, kila mmoja anaonja kwa zamu, na fidla, mabibi wa okestra, zinadonoa nyuzi kwa vidole zikisubiri. Zamu yao inafika sufuria ikiwa imeshaanza kufurika.

Katikati kuna sehemu inayonifanya nisogeze sikio. Horni na selesta wanapiga tuni kwenye ufunguo wake; filimbi mbili ndogo zinaipiga hiyo hiyo, kila moja kwenye ufunguo wake mwingine, kwa sauti ya chini. Kwenye karatasi ni ugomvi. Masikioni vinayeyuka na kuwa chombo kimoja kipya, kinanda cha kanisa ambacho hakimo ukumbini. Nilipokisikia mara ya kwanza nilimtafuta mpiga kinanda kwa macho.

2. Tuni isiyopigwa na mtu yeyote

Pyotr Ilyich Tchaikovsky, Simfonia ya Sita, Oktoba 1893. Aliiongoza mwenyewe St. Petersburg na akafariki siku tisa baadaye. Sehemu ya mwisho inafunguka kwa fidla zikishuka, kilio cha wazi kabisa. Sasa funua karatasi za fidla za kwanza: tuni haimo. Funua za fidla za pili: haimo. Noti moja iko huku, inayofuata kule, inayofuata huku tena, na kila kundi likipiga peke yake linarukaruka tu. Mpiga fidla akifanya mazoezi nyumbani, mama atamuuliza anapiga nini, naye hana jibu. Kilio kinapatikana hewani, kati ya makundi mawili, ambayo zama zile yalikaa yakitazamana pande mbili za jukwaa.

Baadaye tuni ile inarudi, na safari hii Tchaikovsky amezipa fidla za kwanza nzima nzima. Nimejaribu kujieleza kwa nini kurudi huko kunaumiza zaidi. Nadhani ni kwa sababu sasa yuko mtu wa kulia.

1. Wote wabebe

Na hapa Unguja, ambako chama cha taarabu cha Ikhwani Safaa kilianza mwaka 1905, jibu ni jingine kabisa. Fidla, kanuni, udi, nai, akodioni: wote wanapiga tuni ile ile. Halafu kila mmoja anaipamba kwa mkono wake. Kanuni inatetemesha noti ambayo fidla inaivuta, udi unaidokoa, nai inaichelewesha kwa pumzi. Tuni inakuwa na unene bila kugawanywa.

Niliwahi kupangia wimbo mmoja fidla nne, kila moja na njia yake ya kupatana. Ulipendeza, na maneno ya mwimbaji yakazama. Tukafuta moja baada ya nyingine mpaka zote nne zikarudi kwenye tuni, na shairi likainuka.

Kazi kubwa imebaki kwenye mianya. Mwimbaji akimaliza mshororo, fidla zinajibu kwa kipande kifupi ambacho wanamuziki wa Kiarabu hukiita lazima, na jina limekaa. Kikiwa kirefu kinamkata mwimbaji; kikiwa kifupi hakuna aliyepumua. Kikipatia, kina mama wanainuka vitini papo hapo, noti za shilingi mkononi, wanakwenda kumtunza kwa mwendo wa ngoma ya dumbak, kanga na mabuibui yakipita mbele ya kanuni, na mpigaji hainui macho.