Namna ya Kuikabili Baridi ya Winnipeg Bila Kujifungia Ndani

Mwafrika Mashariki au Mkongo aliyehamia Winnipeg, katika jimbo la Manitoba nchini Kanada, ni rahisi kumpata mwezi wa Januari: yuko nyuma ya pazia. Amevaa makoti mawili sebuleni, hita imefunguliwa hadi mwisho, na simu iko sikioni akimweleza shangazi yake wa Bukavu au wa Mombasa kwamba nchi hii haikuumbiwa binadamu. Wakati huohuo nje anapita jirani mwenye miaka sabini, mbwa mbele, mluzi mdomoni. Mwongozo huu ni wa huyo wa nyuma ya pazia. Nia yake ni kumtoa nje, kwa hoja ikiwezekana, kwa kumvuta mkono ikibidi.

Kwanza ielewe baridi yenyewe. Baridi ya Winnipeg ni mkwe. Humchagui, humrekebishi, na ukibishana naye utaaibika wewe. Unamwendea ukiwa umevaa inavyostahili, unakaa kwa heshima, unaaga kwa wakati. Wastani wa joto la Januari ni karibu nyuzi 16 chini ya sifuri, na usiku kushuka chini ya 20 ni jambo la kila wiki. Tarehe 24 Desemba 1879 kipimo kilifika nyuzi 47.8 chini ya sifuri. Kwenye 40 chini ya sifuri, Selsiasi na Farenhaiti husoma namba moja, kwa hiyo hapo ndipo wewe na binamu yako wa Minnesota, Marekani, mtakapokubaliana juu ya hali ya hewa bila kikokotoo.

Kabla ya kutoka, usitazame kipimo cha joto peke yake. Tazama baridi ya upepo, maana upepo hufagia hewa yenye joto inayouzunguka mwili. Idara ya hali ya hewa ya Kanada huonya kwamba ikifika 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Ikivuka 40, dakika 5 hadi 10 zinatosha. Ukitaka kuujua upepo huo kwa jina na anwani, simama kwenye makutano ya barabara za Portage na Main, katikati ya mji. Usisimame sana.

Sasa mavazi, na hapa ndipo wengi wetu tunapoadhibiwa bila sababu. Tunanunua koti moja nene kuliko yote dukani, ndani yake tunavaa fulana ya pamba, kisha tunalalamika kwamba koti ni bovu. Koti halina kosa. Pamba hunywa jasho na kulishikilia, na nguo mbichi kwenye baridi hiyo hukunyonya joto. Nguo inayogusa ngozi iwe ya sufu au ya nyuzi zinazokauka upesi. Juu yake sweta. Juu kabisa koti linalozuia upepo. Usijibane, kwa sababu kinachokupa joto ni hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo. Soksi mbili nene ndani ya buti linalobana huifinya damu, na vidole huwa baridi kuliko ungevaa jozi moja. Mama anayejifunga khanga kiunoni kwa mazoea na kwa mapenzi, aendelee, ila khanga ni pamba: ikae juu ya suruali ya sufu. Buibui lipunguzwe urefu kidogo au likunjwe ndani ya koti, kwa kuwa pindo linaloburura thelujini huloa na kugeuka kuwa ubao. Mtandio wa sufu, kwa upande wake, umewatangulia wote: kichwa, masikio na shingo vimesitirika kwa kitambaa kimoja.

Mikononi chagua glavu za mfuko, zile ambazo vidole vinne hukaa chumba kimoja na gumba peke yake. Vidole vilivyo pamoja hupashana joto. Uso upake mafuta mazito. Simu iweke mfuko wa ndani, karibu na kifua, kwa sababu betri hufifia ghafla kwenye baridi na utajikuta huna simu saa ile unayomwita mtu aje kukuchukua. Ukiona ngozi ya pua au sikio imepauka na haihisi kitu, ingia ndani. Usiisugue, na usiipake theluji hata kama mzee fulani atakuapia kwamba kwao ndiyo dawa. Ipashe polepole, vidole vitie makwapani. Ganzi isipoisha, nenda hospitali.

Gari nalo lina mahitaji yake. Waya wenye plagi unaochungulia kwenye pua ya gari ni wa hita ya kupasha injini, na utauchomeka kwenye soketi usiku ukitaka liwake asubuhi. Ndani weka koleo, blanketi, mshumaa na mchanga kidogo wa kumwaga chini ya matairi. Basi, tutoke.

Siku zenye baridi kali kuliko zote mara nyingi ndizo zenye jua zuri kuliko zote, kwa kuwa mbingu isiyo na wingu huliachia joto la ardhi lipotee juu. Asubuhi ya namna hiyo unaweza kuona vijua viwili bandia, kimoja kila upande wa jua la kweli, vikitokana na mwanga unaopinda ndani ya chembe za barafu angani. Mtu aliyefunga pazia hajawahi kuviona, na anawaambia ndugu zake nyumbani kwamba huku hakuna jua.

Anza na uwanja wa barafu wa mtaani kwako. Vilabu vya mitaa huwa na viwanja hivyo: wakazi wa kujitolea humwagilia maji usiku kwa mpira, yakaganda, na jioni taa zinawashwa, watoto wanacheza hoki. Mtoto wako atajifunza kuteleza haraka kuliko wewe. Mwache akufundishe. Kunja magoti, tazama mbele, na ukihisi unaanguka, angukia ubavu. Usijizuie kwa kiganja, maana hivyo ndivyo vifundo vya mikono vinavyovunjika. Shule nyingi za mji huu huwaachia watoto uwanja wacheze nje hadi baridi ya upepo ikaribie 27 au 28 chini ya sifuri. Ukimkataza mwanao kutoka kwenye 15, unamtenga na wenzake, na kutengwa ndiko kunakomwondolea mtoto furaha.

Ukishapata miguu, nenda The Forks, mahali ambapo Mto Red na Mto Assiniboine hukutana. Mito ikiganda vya kutosha, hutengenezwa njia ya kutelezea juu yake. Mwaka 2008 ilipimwa kilomita 8.54, na Guinness, watunza rekodi za dunia, wakaiandika kuwa ndefu kuliko zote duniani za barafu ya asili. Viatu vya kutelezea vinakodishwa hapohapo, na anayependa kutembea kwa buti ana njia yake pembeni. Kando ya njia hujengwa vibanda vya kujipashia joto, vingi vikibuniwa kwa mashindano ya wasanifu kutoka nchi mbalimbali. Frank Gehry, aliyebuni jumba la Guggenheim la Bilbao, aliwahi kubuni kimoja, na mchongaji Anish Kapoor mwaka 2017 alibuni kingine. Unaingia, unapumua, unasalimiana na watu usiowajua, unaendelea.

Hapo usikilize sana: njia hiyo hupimwa na kufunguliwa na wenye dhamana. Iliyofungwa imefungwa, na kuna miaka ambayo joto huifanya iwe fupi sana. Kwenye ziwa au mto mwingine wowote usikanyage kwa kuona wengine wamekanyaga. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kanada linashauri barafu iwe na unene wa sentimita 15 kwa mtu anayetembea, na 20 kwa kundi linalocheza. Barafu ya bluu iliyo angavu ndiyo imara. Nyeupe ina nusu ya nguvu hiyo. Ya kijivu ina maji ndani, usiikaribie. Katika jambo hili sina utani hata chembe.

Kisha kuna Februari, na Februari kuna Festival du Voyageur katika Saint-Boniface, mtaa wa wasemao Kifaransa ng'ambo ya Mto Red. Kwa zaidi ya miaka 50, kwa siku kumi, watu wa mji huu wamekuwa wakisherehekea katikati ya baridi ileile wanayoilaani, na hili ndilo tamasha ninalomtakia kila Mswahili wa Winnipeg. Mkongo, Mrundi au Mnyarwanda ana sababu ya ziada: Kifaransa alichosoma shuleni kinamkaribisha mlangoni. Nenda bustani ya Whittier. Utakuta sanamu kubwa za theluji zilizochongwa na mafundi wa nchi nyingi, ngome ya mbao iitwayo Gibraltar, mahema yenye violin na ngoma za miguu, mashindano ya ndevu, supu ya njegere. Kuna kinywaji kikali kinachoitwa caribou, kinachouzwa ndani ya glasi za barafu. Asiyetumia pombe ana chokoleti ya moto. Watoto wapeleke kwenye asali ya mti wa mepo: huchemshwa, humwagwa juu ya theluji safi, huviringishwa kwenye kijiti, na ugomvi wote wa kuvaa buti unasamehewa.

Wanaoenziwa pale, hao voyageur, walikuwa wapiga makasia waliosafirisha ngozi za wanyama kwa mitumbwi kupitia mito na maziwa. Palipokuwa na maporomoko walishuka wakabeba mgongoni, kwa kawaida furushi mbili kwa safari moja, kila moja kama kilo 40. Mswahili akisikia hayo lazima awakumbuke wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19, waliobeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Wale waliimba wakipiga kasia, hawa waliimba wakitembea, na faida iliwaendea wengine. Watoto wa voyageur hao na wanawake wenyeji wa Kanada ndio chimbuko la taifa la Métis. Kiongozi wao Louis Riel alizaliwa hapa mwaka 1844, akaongoza upinzani uliozaa jimbo la Manitoba mwaka 1870, akanyongwa na serikali ya Kanada mwaka 1885. Kaburi lake liko mbele ya kanisa kuu la Saint-Boniface, mwendo mfupi kutoka penye tamasha. Pita ulione, kofia mkononi kwa dakika moja tu, kisha uivae upesi.

Kinachowavunja wageni hapa ni miezi mitano ya kutoonana na mtu. Joto la chumbani halikitibu, na nimewaona watu wazuri wakisinyaa hivyo. Kwa hiyo usiende peke yako. Mchukue yule aliyefika Novemba ambaye mpaka leo anaijua njia ya dukani pekee. Mpigie simu Jumamosi asubuhi, mwambie unampitia saa nane mchana, na mbebee glavu za mfuko na soksi za sufu, maana hana.