Mwongozo wa Kutia Nguo Rangi ya Asili, kwa Wenye Haraka

Anza na kitambaa. Kiwe pamba tupu. Mwenye duka atakuapia kuwa ni pamba, nawe mwamini, kisha chomoa nyuzi mbili uziwashe kiberiti. Pamba huacha majivu na harufu ya karatasi. Poliesta huyeyuka ikaganda kama kidonge. Fanya hivyo kabla ya kulipa, na mbali na vitambaa vyake.

Kichemshe kwa sabuni na magadi kidogo, saa nzima, kitoe nta na wanga. Hatua hii kila mtu huiruka. Nawe utairuka. Madoadoa yakitokea, sema ni mtindo.

Sasa tafuta maganda ya vitunguu, uzito sawa na kitambaa. Nyanyua ganda moja uone lina uzito gani, kisha katafute gunia. Okota chini ya meza za sokoni jioni. Siku ya kwanza utashukuriwa kwa usafi. Siku ya pili maganda yana bei.

Kinachoshikisha rangi ni shabu: gramu 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa kikavu. Pamba haiipokei vizuri mpaka iloweke kwanza kwenye maji ya majani ya chai au maganda ya komamanga. Majirani watasema chumvi na siki vyatosha. Hivyo ni vya kachumbari. Usibishane lakini, kila mmoja ana shangazi aliyefaulu, ila nguo ya shangazi haijawahi kuonekana.

Chemsha maganda, chuja, tia kitambaa, acha moto mdogo saa nzima. Ukitumia mkaa, usiwaze sana kuhusu miti uliyokusudia kuiokoa. Itatoka rangi ya dhahabu. Ukitaka iwe ya kijani kiza, loweka misumari yenye kutu kwenye siki, utie maji yake kidogo. Mrututu uache, ni sumu. Na sufuria hiyo isirudi kupika wali, hata mama mkwe akija ghafla.

Manjano? Usijaribu. Utajaribu. Doa lililogoma kutoka kwenye kanzu ya Ijumaa litapaushwa na jua siku chache tu, na likikutana na magadi litageuka jekundu.

Kabla hujauza, kata kipande, nusu ukifunike kwa kadibodi, kikae juani wiki mbili. Usipofanya wewe, mteja wako atafanya, bila kadibodi.