Muulize Mwalimu Mstaafu

Safu hii hujibu barua za walimu watarajiwa, walimu wapya na ndugu wanaowategemea. Ushauri ni wa bure, hivyo usipokufaa hatuna cha kukurudishia.

Shikamoo Mwalimu. Nilihitimu shahada ya ualimu mwaka 2016, masomo ya Historia na Kiswahili. Ajira zikitangazwa naomba, na kila mara naambiwa sikuchaguliwa. Mama amepata mtaalamu anayesema nyota yangu imefungwa. Niende?
*Nyota Gizani, Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Usiende. Kabla hujamnunulia mtu kuku mweusi, fungua akaunti yako ya Ajira Portal uitazame barua yako ya maombi. Umeisaini? Matangazo huagiza barua iliyosainiwa, na wapo wenye shahada safi walioachwa kwa kukosa mkwaruzo mmoja wa kalamu. Kisha tazama vyeti. Karatasi ya matokeo si cheti, hata ukiipiga lamineshani. Na kama cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi huku cha kidato cha nne kikisema Mwanahidi, serikalini mko wawili, na hakuna kati yenu aliyekamilika. Mwone wakili akuandalie hati ya jina uisajili.

Ukishayafanya hayo na bado ukaachwa, mchawi wako ni hesabu. Mliosoma Historia na Kiswahili mmejaa; wa Fizikia na Hisabati ni wa kutafutwa. Sisi wa zamani tulitoka chuoni tukapangiwa vituo moja kwa moja. Nyie mnafanyiwa usaili, na mhitimu wa juzi anakaa dawati moja na wewe wa 2016. Usikate tamaa, mwisho wa kuomba ni miaka 45. Kwa sasa piga tempo shule binafsi, ila dai mkataba wa maandishi. Mwenye shule akikuambia "sisi hapa ni familia", ujue mshahara utalipwa kifamilia.

Mwalimu, nimeitwa kwenye usaili. Kuna jamaa amenipigia simu, anasema yuko ndani ya mfumo, nimtumie laki mbili jina langu lisogezwe juu. Nifanyeje?
*Karibu Nivuke, Singida*

Aliye ndani ya mfumo kweli hahangaiki na laki mbili zako, na asiye ndani hana pa kukusogeza. Kuomba ni bure na kusailiwa ni bure. Hela hiyo ni nauli na chakula. Beba vyeti halisi na kitambulisho, na usiku wa kuamkia usaili rudia mambo ya chuo uliyoyakimbia: tofauti ya mtaala na muhtasari, ya azimio la kazi na andalio la somo, pamoja na yule Bloom mliyemwimba bila kumwelewa. Mchujo ukiupita, mahojiano yanakungoja. Ukifaulu na nafasi zikawa zimejaa, jina lako huhifadhiwa kwenye kanzidata. Wajulishe wazazi, lakini usichinje mbuzi wa kanzidata.

Mwalimu mwenzetu, mpwa wangu kaajiriwa huko Tunduru. Huu mwezi wa tatu, hajatuma hata bati moja la nyumba ya ukoo. Mtoto huyu tumemsomesha kwa jasho. Tumfanyeje?
*Mjomba Mwenye Uchungu, Muheza*

Shemeji, jasho lenu nimelisikia, lakini Bodi ya Mikopo nayo ilitoka jasho, na yenyewe haingoji kutumiwa: inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kabla mtoto hajauona. Mfuko wa hifadhi ya jamii unachukua 5, bima ya afya 3, chama cha walimu 2 kama ni mwanachama. Robo nzima imekwenda, na kodi bado haijabisha hodi. Tena mshahara wa kwanza huweza kuchelewa mpaka taarifa zake ziingizwe kwenye mfumo, na huku nyuma amenunua godoro, ndoo na jiko.

Mkimbana, atawaletea bati. Atalitoa kwa wale wakopeshaji wa kausha damu. Serikali inataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi ya mshahara, lakini kausha damu hana habari na theluthi: anashika kadi ya benki pamoja na namba ya siri, anajilipa kwanza, na mpwa wako anakwenda kufundisha akiwa na njaa. Mpe mwaka mmoja, athibitishwe kazini. Nyumba ya ukoo imevuja miaka yote hiyo; haitaanguka kwa kumngoja.

Shikamoo Mwalimu. Nimepewa kidato cha kwanza, wanafunzi 90. Nafundisha Baiolojia kwa Kiingereza, nikiuliza kama wameelewa, wanaitika "Yes, sir!" mpaka mabati yanatikisika. Kwenye jaribio wamepata sifuri. Wenzangu wanashauri niingie na fimbo. Nianze na ipi?
*Sir wa Sifuri, Kakonko*

Marahaba. Anza na kanuni. Tangu 2002 imeandikwa kuwa kiboko ni cha mkuu wa shule au aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Wewe umeripoti juzi, bado unaulizia choo cha walimu kilipo. Fimbo umeitoa wapi?

Watoto hao wamesoma miaka saba kwa Kiswahili. "Yes, sir" ni salamu, si jibu. Usiwaulize kama wameelewa. Mwambie mmoja achore jani ubaoni, mwingine ataje sehemu zake, wa tatu amsahihishe. Neno gumu litamke, liandike, waonyeshe kitu chenyewe. Majani yamejaa nje ya dirisha na hayahitaji bajeti. Jifunze majina, ukianza na wa dawati la nyuma: mtoto uliyemwita kwa jina hawezi tena kujificha kwenye kiitikio cha 90.

Mwalimu, mimi ndiye mdogo ofisini. Nimepewa zamu, michezo na usafi, na wakongwe wote wananiletea simu zao niwajazie PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi. Nikatae?
*Kijana wa Mfumo, Sumbawanga*

Ukatae? Hiyo ndiyo mali yako pekee! Kwa kila simu unayojaza, dai malipo: maazimio ya kazi ya miaka iliyopita, duka linalokopesha mchele bila kelele, namna ya kumtuliza mzazi aliyekuja na hasira asubuhi. Wakistaafu wote utakuwa umehitimu chuo cha pili, na hicho Bodi ya Mikopo haikidai hata senti.