Visingizio Sita vya Dereva Aliyekwama Nyuma ya Baiskeli Mbili

Jumamosi alfajiri, daladala hazijachangamka, utawakuta wapanda baiskeli kwenye Barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam: helmeti vichwani, suruali za kubana, wawili wawili sambamba. Nyuma yao kuna dereva anang'aka. Tumeukusanya utetezi wake na kuupanga kuanzia ulio mwepesi kushuka hadi ulio mzito. Hakimu ni wewe msomaji.

6. "Hawalipi hata senti ya barabara."
Matengenezo ya barabara, Tanzania na Kenya, hutegemea sana tozo ya mafuta. Haya basi. Kwa hesabu hiyo, lori linalokunywa dizeli kukuzidi mara kadhaa lina haki ya kukusukumia wewe mtaroni. Mbona kimya? Tuendelee.

5. "Wanapiga soga barabarani."
Na wewe na shemeji yako hapo mbele mmekaaje, mmefuatana? Viti vya gari vimepangwa sambamba tangu kiwandani, na hakuna aliyekuamuru umpakie shemeji kwenye boneti. Gari dogo lina upana wa karibu mita 1.8 hata ukiwa peke yako ndani. Baiskeli mbili zilizokaribiana hazihitaji zaidi ya hapo, tena zimebeba watu wawili.

4. "Nilipiga honi."
Hongera. Honi haipanui lami. Ikipigwa ubavuni mwa mtu inamshtua tu, na aliyeshtuka juu ya magurudumu mawili hachagui wa kumwangukia.

3. "Lakini sikuwagusa!"
Huo si udereva, hiyo ni bahati. Mpanda baiskeli hukwepa shimo, hukwepa mchanga, na upepo wa lori humyumbisha bila lori kumgusa. Ndiyo maana mwongozo wa barabara wa Uingereza, tangu Januari 2022, unataka umwachie nafasi ya angalau mita 1.5 kwa mwendo wa hadi maili 30 kwa saa, yaani kilomita 48 hivi, na zaidi ya hapo ukienda kasi zaidi. Ujerumani, tangu 2020, ni mita 1.5 mjini na 2 nje ya mji. Kama uliweza kumsikia akihema, hukufikisha.

2. "Nilikuwa na haraka."
Tupige hesabu. Ukiwafuata mita 200 kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, unatumia sekunde 36. Ungekwenda 60, ungetumia 12. Umepoteza sekunde 24, ambazo foleni ya Mwenge itazimeza bila hata kusema asante. Kwenye kona au kilele cha mlima, sekunde hizo ndizo bei ya kutokutana uso kwa uso na trela. Rahisi mno.

1. "Wangepanga mstari mmoja, ningepita bila kuhama njia."
Hiki ndicho kigogo. Leteni futi kamba. Njia moja ya barabara kuu huwa na mita 3 hadi 3.5. Mpanda baiskeli mmoja tu, akiacha nusu mita kutoka ukingo wa lami, anafika mita 1 na ushee. Ongeza 1.5 za kumpisha. Kilichobaki hakifiki mita 1, na gari lako lina 1.8. Kwa hiyo hata akiwa peke yake, ukitaka kumpita salama ni lazima uhamie upande wa pili. Sasa huyo wa pembeni yake amekuzuia nini?

Tena amekusaidia. Baiskeli kumi kwa mstari mmoja, zikiachiana mita moja, zinafika kama mita 27, kuzidi trela. Zikienda mbili mbili, ni mita 13 hivi. Unapita msafara mfupi, na unarudi upande wako mapema.

0. "Sheria inaturuhusu."
Hiki ni cha wapanda baiskeli, msidhani tumewasahau. Mwongozo huohuo wa Uingereza unaoruhusu wawili sambamba unawataka wawajali walio nyuma na kuwapisha penye usalama. Ufaransa mwisho ni wawili, na giza likiingia, au gari likiashiria kutaka kupita, wanapanga mstari mmoja. Watatu sambamba hayo ni maandamano, na maandamano yana taratibu zake polisi.

Hukumu
Dereva, ngoja mpaka uone mbele pako wazi, washa indiketa, hama njia nzima kama unayepita gari, na usirudi kushoto mpaka uwaone wote kwenye kioo. Mpanda baiskeli, ukipishwa kwa heshima, inua mkono ushukuru. Na wewe wa kisingizio namba 2, kesho ondoka nyumbani mapema.